Wiski kongwe na wiski kuukuu

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Laiti wangalifika Marekani na kuiona bei ya wiski ya rai iliyokaa pipani miaka ishirini na ushei, pengine wangalitunga methali ya pili, kwani mgema wa huko akisifiwa hatii maji. Yeye hungoja tu, kisha huandika tarakimu kubwa kwenye chupa. Nami nashikilia kwamba tarakimu haionjwi. Kinachoonjwa ni ladha, na ladha isiyokuwa na jina haidumu kichwani hata dakika tano.

Msomaji asinielewe vibaya. Sikushika kalamu ili kuwafunza wanafunzi ulevi. Aliye chini ya umri wa miaka 18 sheria yetu inamkataza, na ambaye dini yake inamharamishia kileo basi na asome tu, maana hoja yangu ni ya lugha, nayo yaihusu kahawa na asali sawasawa na inavyoihusu wiski.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kongamano la isimu mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky. Mwenyeji wangu, bibi mmoja profesa mstaafu, alinialika kwake jioni akaniwekea bilauri tatu zenye midomo myembamba. Ya kwanza ilikuwa na wiski ya rai ya miaka 4, ya pili ya miaka 13, na ya tatu ya miaka 23. Hakuna iliyozidi vijiko viwili vya chai. Nikanusa, nikaonja, na aliponiuliza ninaonja nini nikamjibu kwa Kiingereza cha vitabuni: vanila, ngozi, tumbaku. Bibi akatabasamu. "Hayo hata mimi nimeyasoma, Daktari. Kwa lugha yako je?" Nikafungua kinywa, na neno lililotoka lilikuwa moja: kali. Zote tatu? Naam, zote tatu. Mtu aliyetunukiwa shahada ya uzamifu kwa ajili ya maneno!

Rai hiyo, isichanganywe na rai ya mtu kama hii niitoayo hapa, ni nafaka, jamaa ya ngano na shayiri, na huvumilia baridi na udongo duni. Sheria ya Marekani yataka wiski iitwayo ya rai itokane na mchanganyiko wa nafaka ambao rai si chini ya asilimia 51, kisha ikae katika pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani mpaka likawa makaa. Rais wao wa kwanza, George Washington, alianza kuitengeneza shambani kwake Mount Vernon mwaka 1797, na mwaka 1799 kiwanda chake kilitoa takriban galani 11,000. Lakini ile haikuzeeshwa. Iliuzwa nyeupe kama maji, na wateja hawakulalamika.

Heshima ya umri ilikuja baadaye, na kwa rai ilikuja kwa njia ya ajabu. Marufuku ya pombe ya mwaka 1920 hadi 1933 iliivunja biashara hiyo mgongo, na kwa miongo kadhaa baadaye wanywaji walipendelea vileo laini zaidi. Mapipa ya rai yakabaki ghalani bila mtu wa kuyaulizia. Ladha ziliporejea mtindo katika miaka ya 2000, zikatolewa chupa za umri ambao hapo awali ni wachache waliowahi kuufikiria. Kampuni ya Heaven Hill, kwa mfano, iliuza Rittenhouse za miaka 21, 23 na 25, zote kutokana na mapipa yaliyojazwa mwaka 1984. Aghalabu, basi, wiski hizo ambazo matajiri huzinyang'anyia hazikuzeeshwa kwa hekima ya mtu. Zilisahauliwa.

Na pipa halisahau. Ghala za Kentucky hupata joto kali wakati wa kiangazi. Wiski hutanuka ikaingia ndani ya mbao, na baridi ikifika hurudi na ilichokichuma humo. Kila mwaka sehemu yake huyeyuka hewani, hivyo baada ya miaka ishirini zaidi ya nusu ya pipa yaweza kuwa imekwenda. Mwaloni huipa vanilini, ndiyo ile vanila niliyoisema kwa kasuku. Huipa pia yujinoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Tena hutoa harufu ya nazi. Hapo Mmarekani husema nazi akanyamaza, ilhali mtoto wa Lamu atauliza: ni dafu, ni koroma, au ni nazi iliyokomaa? Mwisho hutoa tanini, na tanini haina mwisho maadamu pipa ni jipya na wiski imo ndani. Ikihamishiwa kwenye chupa huacha kuzeeka, hata ikiwekwa kabatini karne nzima.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilikaa hotelini na daftari, nikaanza kukumbuka maneno ambayo nyanya yangu aliyatumia jikoni bila shahada yoyote. Bilauri ya kwanza iliwasha ulimi kama pilipili manga na kukereketa koo, lakini ilinukia mnanaa. Tazama hapo: katika Kiingereza kitenzi kimoja chaweza kutumika kwa waridi na kwa samaki aliyeoza, ilhali sisi tunajua kwamba waridi hunukia na samaki huyo hunuka. Ya pili ilikuwa imekolea. Sijui neno la Kiingereza linalotosha hapo. Kukolea ni pale chumvi, viungo na moto vimekutana na hakuna kinachomzidi mwenzake. Karafuu ilikuwapo, sukari guru ilikuwapo, na rai yenyewe ilikuwa ingali ikisikika. Ya tatu ilikuwa na ukakasi, ule wa ndizi mbichi unaokaza mashavu, na uchungu wa chai iliyosahauliwa jikoni ikachemka hadi ikawa nyeusi. Nafaka haikusikika tena. Nilikuwa ninaonja ubao.

Lugha yetu imekwisha kuamua kesi hii zamani. Kitu kilichoishi miaka mingi kikaongezeka hadhi ni kikongwe, ndiyo maana Zanzibar kuna Mji Mkongwe. Kilichoishi miaka mingi kikachakaa ni kikuukuu, kama nguo kuukuu. Bilauri ya pili ilikuwa wiski kongwe na ya tatu ilikuwa kuukuu, ingawa chupa yake ndiyo iliyokuwa na bei ya kutisha. Sisemi kila wiski ya miaka 23 ni kuukuu. Pipa hutofautiana na pipa, na lililowekwa orofa ya chini penye ubaridi hustahimili zaidi. Nasema tu kwamba tofauti hiyo haiwezi kusomwa kwenye tarakimu.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Kila mwaka nasahihisha insha ambamo chakula ni "kitamu sana", asali ni "tamu sana", na hata muziki ni "mtamu sana". Kisha twaketi kwenye makongamano tukidai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya, tukaunda istilahi ambazo hakuna mpishi atakayezitamka. Dufu, chapwa, ugwadu, shombo, ukakasi: maneno haya yamo kamusini na yamo vinywani mwa wauza matunda wa Kongowea. Hayamo madarasani. Mwalimu achukue kipande cha ndizi mbichi, kahawa chungu na ukwaju, awape wanafunzi waonje, na yeyote atakayeandika "tamu" au "kali" peke yake akae chini aonje tena.

Asubuhi yake nilimpelekea bibi yule orodha yangu. Aliisoma kwa makini, akaniuliza namna ya kutamka neno moja, kisha akachukua kikaratasi cha gundi na kukibandika kwenye chupa ya tatu. KUUKUU. Ameniandikia hivi karibuni kwamba chupa ya miaka 13 iliisha siku nyingi, na hiyo nyingine ingali imejaa hadi shingoni.