Kurasa Zetu Hazipumui

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo nina ugomvi nanyi na sitauficha. Tumezoea kulalamika kwamba wachapishaji wametufungia milango, kwamba watu hawasomi, kwamba vitabu havinunuliwi. Sawa, yote hayo nayajua. Mimi nimeishia kidato cha nne na muswada wa riwaya yangu bado uko mkobani. Lakini hebu chukueni kijitabu chochote tulichojitolea wenyewe kwa fotokopi, mkifungue katikati, mtazame ukurasa bila kusoma hata neno moja. Mnaona nini? Ukuta! Maandishi yametoka ukingo hadi ukingo, aya zimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na moja jioni, na kichwa cha hadithi kimekolezwa, kikalazwa, kikapigiwa mstari, na bado kikafungiwa ndani ya kisanduku. Halafu tunamlaumu msomaji.

Eti cha muhimu ni ujumbe. Jibu hilo nimelisikia mpaka limenichosha. Ujumbe gani utafika kama jicho limechoka kwenye mstari wa tano? Wajuzi wa kazi hii wanataka mstari wa kitabu uwe na herufi kati ya 45 na 75, ukihesabu na nafasi. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha mwaka 1992, anaitaja 66 kuwa kipimo kizuri. Sasa chukua karatasi ya A4, acha pambizo nyembamba kama tunavyopenda, chapa kwa pointi 11: unapita mia moja. Jicho likimaliza mstari mrefu namna hiyo na kurudi kushoto, halijui lishukie wapi. Linarudia mstari uleule, au linaruka mmoja. Na msomaji hatasema pambizo ni mbovu. Atasema hadithi inachosha, basi, anaiweka chini.

Dawa yake haihitaji chuo. Kunja hiyo A4 katikati upate kurasa mbili, acha pambizo za karibu sentimita 2, tumia pointi 11, na kutoka mstari hadi mstari weka pointi 14. Utaikaribia hiyo 66. Karatasi zitaongezeka, ndiyo, na hela pia. Mimi nasema afadhali hadithi tatu zinazosomeka kuliko saba za kuumiza macho.

Twende kwenye fonti. Wengi wetu tunachapa kwa Times New Roman, na ukiuliza kwa nini, hakuna mwenye jibu. Ilikuwemo tu kwenye kompyuta ya steshenari. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia Oktoba 1932. Stanley Morison aliisimamia, Victor Lardent akaichora. Ilibanwa kidogo ili maneno mengi yaingie kwenye safu za gazeti. Si mbaya, sisemi hivyo. Ninachogombea ni kuitumia bila kuitazama. Na wapo wabaya zaidi: nimesoma hadithi ya msiba iliyochapwa kwa Comic Sans, herufi alizochora Vincent Connare mwaka 1994 akiwa na mawazo ya mbwa wa katuni anayeongea. Jamani, maiti iko ndani, na herufi zinacheka!

Kiswahili nacho kina mahitaji yake, ambayo vitabu vya kizungu havitakuambia. Herufi inayojirudia kuliko zote katika lugha yetu ni a. Basi unapochagua fonti, itazame a kwanza. Futura ya Paul Renner, ya mwaka 1927, ni nzuri sana kwenye jalada, lakini a yake ni duara lenye kijiti ubavuni. Chapa ukurasa mzima wa Kiswahili kwa herufi hizo ndogondogo, uone bara na bora, taka na toka zinavyofanana kama mapacha.

Maneno yetu pia ni marefu. Mwingereza anaandika maneno kadhaa pale sisi tunapoandika moja: hawajatuandikia. Ukiyatia maneno kama hayo katika safu nyembamba na kuamuru mistari inyooke pande zote mbili, yanabaki mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Hadithi yangu moja ilitolewa hivyo na kijarida fulani, safu tatu kwa ukurasa, na kompyuta ilikuwa inakata maneno kwa kanuni za Kiingereza! Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Kata baada ya irabu, usiipasue ng' wala ny, yamekwisha. Na ukiona tabu, nyoosha kushoto tu, kulia kuishie kunapoishia. Eric Gill alikichapa hivyo kitabu chake kuhusu herufi mwaka 1931, na hakuna aliyekufa.

Kuna wanaosema usanifu ni mambo ya Ulaya. Uongo. Tazama kanga. Pindo linajirudia kuzunguka kitambaa, mji umekaa katikati, na jina limepewa nafasi yake peke yake juu ya pindo la chini: sentensi moja, herufi kubwa, aina moja. Unalisoma mwenye kanga akiwa mbele yako njiani. Robin Williams wa Marekani alitoa kitabu mwaka 1994 akiwafundisha wanaoanza mambo manne: utofauti, marudio, mpangilio wa mistari, na vitu vinavyohusiana kukaa karibu. Kitabu kizuri, kisomeni mkikipata. Lakini yote manne mama zetu wanajifunga kiunoni.

Kwa hiyo wahariri wa vijarida vyetu, nina dai moja tu kwenu. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kila toleo andikeni jina la fonti, ukubwa wake, na jina la aliyepanga kurasa. Tujue wa kumpongeza, na wa kugombana naye.