Damu Ikichukuliwa, Jibu Lirudi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika jarida letu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhania kuwa ni la madaktari peke yao, nalo ni uchunguzi wa maradhi. Shabaha yangu si kumfundisha daktari kazi yake. Nataka kuonyesha ya kwamba kati ya maabara na kitanda cha mgonjwa pana daraja, na ya kwamba mbao za daraja hilo ni daftari, cheti na faili. Yaani ni kazi yetu sisi makarani.

Wazee wa pwani waliogopa mumiani. Ilisemekana ya kuwa wako watu watembeao usiku, wakamatao wenzao na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Sisi tuliosoma twacheka tusikiapo habari hizo, lakini haifai kucheka upesi. Mama amletaye mtoto wake hospitali, akaona damu yake ikivutwa kwa sindano na kupelekwa chumba kingine, wala asiambiwe neno hata siku ya kurudi kwao, ana haki ya kuuliza: Damu ya mwanangu imekwenda wapi? Hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa kukemea. Huondolewa kwa jibu.

Tutazame mfano wa Kilifi, katika pwani ya Kenya. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, iitwayo KEMRI, iliundwa mwaka 1979, na mwaka 1989 kazi ilianzishwa Kilifi kwa ushirika na Wellcome Trust ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford. Maabara haikujengwa mbali katika mji mkuu, bali ubavuni mwa hospitali ya wilaya, ambayo sasa ni hospitali ya kaunti. Tangu mwaka 1998 watoto waliolazwa humo kwa ugonjwa mkali walitolewa damu kidogo, ikatiwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu na kuwekwa mahali pa joto. Vijidudu vikiwamo, huota; mtu wa maabara huvitambua na kupima ni dawa gani ivishindayo, kisha habari hurudi wodini kwa daktari amtibuye mtoto yule yule.

Faida yake ilionekana. Habari za miaka minne, zilizochapishwa mwaka 2005, zilionyesha ya kuwa katika watoto waliofariki hospitalini humo, zaidi ya robo walikuwa na bakteria katika damu. Hapo kwanza watu wengi walidhani ya kuwa homa ya mtoto wa pwani ni malaria tu. Kumbe jicho la daktari, hata likiwa zuri namna gani, lahitaji chupa ile.

Lakini chupa peke yake haisemi yote. Wakilazwa watoto kumi kwa ugonjwa mmoja, kumi hao wametoka katika watoto wangapi? Kama ni katika mia, ni msiba; kama ni katika laki, ni jambo jingine. Kwa sababu hiyo, mwaka 2000 watu walihesabiwa nyumba kwa nyumba katika eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali, na hesabu hiyo ikaendelea kufuatwa, kila miezi minne hivi, kuandika waliozaliwa, waliokufa na waliohama. Baadaye daftari hilo lilikuwa na wakazi wapatao 260,000. Mgonjwa afikapo hospitali, jina lake hutafutwa humo na kuunganishwa na habari za ugonjwa wake.

Hapa ndipo karani anapoingia. Pwani ile kina Kadzo na kina Karisa ni wengi kama nyota. Karani akikosea jina la mama au la kijiji, Karisa mzima huandikwa mgonjwa, na Karisa aliyefariki huhesabiwa kuwa yu hai. Kosa la namna hiyo halimwagi damu, wala halipigi kelele, lakini laharibu kazi ya chumba kizima cha wataalamu.

Daftari hilo likitunzwa, hutoa ushahidi. Mwaka 2001 Kenya ilianza kuwachanja watoto chanjo ya bakteria iitwayo Hib, ambayo huleta homa ya uti wa mgongo na kichomi. Kabla ya chanjo, Kilifi ilipata wagonjwa 66 wa maradhi makali ya Hib kwa mwaka katika kila watoto 100,000 walio chini ya miaka mitano. Katika mwaka wa tatu wa chanjo walibaki 8 hivi. Maabara ilitoa idadi ya wagonjwa, na daftari likatoa idadi ya watoto wote. Moja lingekosekana, lisingalijulikana lolote.

Tena jibu huweza kumsahihisha daktari mwenyewe. Kwa muda mrefu ilifundishwa duniani ya kuwa mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vema, atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Mwaka 2009 jambo hili lilianza kupimwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo Kilifi na Muheza, chini ya uongozi wa Daktari Kathryn Maitland, mtumishi wa Kilifi. Wenye kuharisha hawakuingizwa. Watoto 3,141 walilinganishwa. Mwezi wa Januari 2011 kazi ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa jibu lilikuwa wazi: katika saa 48 za kwanza, waliotiwa maji kwa haraka walifariki 10 au 11 katika kila 100, na wasiotiwa kwa haraka walifariki 7. Jibu hilo lilichapishwa mwaka ule ule. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliolifuata ulitoka mwaka 2016.

Miaka mitano ni mingi, ndugu zangu. Na mwongozo ukisha kutoka, bado una safari: huja kama waraka, ukapigwa mhuri, ukatiwa katika faili, na mara nyingine faili ikawa kaburi lake. Nani alalishaye waraka mezani? Si daktari. Ni mimi na wewe.

Wako wanachama watakaosema: Mshahara ni mdogo, nasi hatukuajiriwa kuokoa watu. Kuhusu mshahara, wana haki. Karani wa daftari la wagonjwa mara nyingi huandikwa kwa muda, kwa fedha za wafadhili; fedha zikiisha, yeye huenda zake na daftari hufungwa. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada mingi ya afya, tuliona jinsi kazi za nchi nyingi zilivyotikisika kwa siku chache. Wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 ya kuwa 15 katika kila 100 za matumizi ya serikali zitakwenda kwa afya. Basi chama chetu kiwakumbushe ahadi hiyo, na kidai ya kwamba karani wa daftari hilo awe mtumishi wa serikali wa kudumu, mwenye mafunzo, kama alivyo mganga na mtu wa maabara.

Bali haki huambatana na wajibu. Tuandike majina kwa uangalifu. Waraka wa tiba usilale mezani hata usiku mmoja. Na kila damu ichukuliwapo, cheti cha jibu kitafutwe, kitiwe katika faili ya mgonjwa, na mama aelezwe kwa lugha aijuayo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ninayoisemea hapa ni watoto wetu.

Mimi wenu mtiifu,
Karani wa Daftari