Kahawa ya Haraka na Gharama Yake

Ukimtembelea mkulima wa kahawa nyumbani kwake utapewa chai. Ukiomba kahawa, mama wa nyumba ataleta kopo la kahawa ya kuyeyuka, kijiko na maji moto, na huko nje mibuni imefika karibu na mlango. Mimi sipendezwi na jambo hili.

Kahawa ya kopo ni rahisi, sikatai. Hakuna kuchuja, wala makapi, tena mtu anayekwenda kukamua alfajiri hana nafasi ya mapishi. Lakini kilo moja ya unga ule hula zaidi ya kilo mbili za kahawa mbichi iliyokobolewa, na kopo nalo hulipiwa. Tena mara nyingi hutengenezwa kwa robusta, nasi Kenya twalima arabika hasa. Basi mkulima wa Nyeri au Kisii huuza yake, akanunua ya mwingine.

Mjini wako wenye mashine za vidonge. Kidonge ni kikopo kidogo chenye gramu tano au sita za kahawa. Hutiwa katika mashine, kitufe kikabonyezwa, kikombe kikajaa. Kwa haki, mashine hii haimwagi kahawa ovyo, maana hupima kikombe kimoja tu. Mtu achemshaye birika zima kwa vikombe viwili, akamwaga kilichobaki, asimcheke mwenye mashine. Hata hivyo kilo moja ya kahawa namna hiyo huacha vikopo karibu 200 vya alumini au plastiki, vyenye makapi ndani. Mwaka 2016 mji wa Hamburg, Ujerumani, ulikataza fedha za serikali yake kununua vidonge hivyo. Hata John Sylvan, aliyebuni vidonge vya K-Cup huko Marekani, alisema mwaka 2015 kuwa wakati mwingine hujuta.

Nyumbani kwangu twatumia sufuria na kitambaa cha pamba. Pima maji kwa vikombe vitakavyonywewa, usizidishe, kwa kuwa kuni na makaa ni fedha. Yakichemka, epua, tia kijiko kikubwa kimoja cha kahawa iliyosagwa kwa kila kikombe, funika dakika nne, kisha chuja. Kitambaa kifuliwe kwa maji matupu, maana sabuni huharibu ladha. Karatasi ya kuchujia, aliyoibuni Bibi Melitta Bentz huko Dresden mwaka 1908, hutoa kahawa safi kabisa, lakini kila siku utanunua nyingine. Watu wa Pwani hawana haja nayo: kahawa huchemka ndani ya dele juu ya makaa, makapi yakatua chini. Ya kwetu twayapeleka kwenye shimo la mbolea.

Kazi yote haizidi robo saa. Kopo nalo lipo kabatini, kwa asubuhi za kukimbilia gari. Lakini wageni wakija hulioni mezani.