Kura tatu za 1958: Tususie au tuingie?

 

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Bongo, ubishi wa vijiweni ni ule ule, kuanzia Manzese mpaka Tandika: kama sheria ni mbovu, tususie au tuingie hivyo hivyo? Watu wanabishana utadhani swali limezaliwa jana. Kumbe liliwatoa jasho wazee wetu kabla hata ya uhuru.

Tuanze mbali kidogo. Wamarekani nao walikuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Mwaka 1765 bunge la London likawabandika kodi ya stempu: gazeti lipia, karatasi ya mahakamani lipia. Na kule bungeni hawakuwa na mbunge hata mmoja! Wakagoma kununua bidhaa za Uingereza, wafanyabiashara wa London wakalia, na 1766 kodi ikafutwa. Ikaja ya chai, na Desemba 1773 pale Boston wakatosa makasha 342 baharini. Dawa yao ilikuwa kususia.

Sasa njoo Tanganyika. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, lakini gavana aliletwa na London na alitawala kwa jina la Malkia. Gavana Edward Twining akaja na ujanja wake: kura tatu. Kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukiacha hata mmoja, kura imeharibika. Waafrika tulikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu kama elfu 20 tu, lakini viti sawa kwa sawa. Hesabu gani hiyo jamani?

Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Uwe na miaka 21, halafu uwe umefika darasa la nane, au una kipato cha paundi 150 kwa mwaka (shilingi 3,000), au una cheo fulani. Nchi nzima waliojiandikisha hawakufika laki moja.

Januari 1958 TANU wakakutana Tabora. Wengi walifika wakiwa na hasira, wanataka kususia. Nyerere akawashawishi waingie, maana wakikaa nje, viti vya Waafrika vitachukuliwa na UTP, chama kilichokuwa na baraka za gavana. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha ANC yake. Binafsi simcheki Mtemvu. Mtu kukataa kuchagua kwa mafungu ya rangi ana hoja.

Mwaka huo huo Nyerere akapelekwa mahakamani hapa Dar kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika Sauti ya TANU. Hukumu: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Akalipa. Ona bei hiyo, sawasawa na kipato cha mwaka cha kukupa haki ya kupiga kura!

Uchaguzi ukafanyika Septemba 1958 na Februari 1959. TANU wakaugeuza mtego: kama lazima tuchague Mzungu na Mwasia, basi tutachagua wa kwetu. Wakapita akina Sophia Mustafa, Amir Jamal na Lady Marion Chesham, mama mzaliwa wa Marekani. UTP ikafa. Mwaka 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikashuka.

Hapo ndipo penye somo. Wamarekani walisusia wakashinda, sisi tuliingia tukashinda. Kwa hiyo siri haikuwa kwenye kususia wala kuingia. Siri ilikuwa watu waliojipanga. Nyuma ya ile kura mbovu kulikuwa na akina mama wa Bibi Titi Mohamed, makuli wa bandarini waliokwishagoma tangu 1947, na watu wa Kariakoo waliokata kadi za TANU. Wengi wao hawakuwa na darasa la nane wala hizo paundi 150. Walipigania kura ambayo wenyewe hawakuruhusiwa kuipiga!

Kususia ukiwa umekaa kijiweni unacheza bao si kususia, ni kulala. Na kupiga kura halafu ukarudi kijiweni kusubiri miaka mitano, nako ni kulala kwa aina nyingine.

Je wewe, mwaka 1958 ungesimama na Nyerere au na Mtemvu? Tiririka hapo chini, ila matusi hapana.

Nawasilisha.