Simu pekee haitamwokoa mtoto asiyesikilizwa

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunisimulia kisa kilichoniatua moyo. Alipokuwa shule ya upili, aliichezea timu ya netiboli. Siku moja alimwendea mwalimu wa zamu akamwambia, "Mwalimu, kocha ananisumbua." Akajibiwa kwamba bila kusumbuliwa na kocha hakuna kombe. Msichana huyo hakulitaja tena jambo hilo hadi alipofika chuo kikuu.

Tangu hapo nimelitafakari sana neno 'kusumbua'. Ndilo ambalo mtoto mwenye haya hulitumia kusitiri asiloweza kulitamka: kupapaswa, kutongozwa, kutumiwa picha chafu usiku. Mtu mzima akilisikia, hudhani ni ugumu wa mazoezi tu.

Nayasema haya kwa kuwa siku hizi tunahakikishiwa kwamba teknolojia ya dijitali ndiyo itakayowakinga watoto wetu viwanjani. Siipingi. Nambari ya simu 116 hupokea malalamiko ya watoto kote nchini bila malipo. Nayo Sheria ya Watoto ya 2022 imeharamisha kumnyanyasa mtoto kupitia simu au mtandao, na ujumbe uliohifadhiwa waweza kuwa ushahidi mahakamani. Hizo ni hatua za kupongezwa.

Hata hivyo, wanafunzi wengi wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Je, aliyedhulumiwa akiwa kambini ataipiga 116 kwa simu ya nani? Ya kocha yuyo huyo?

Kwa maoni yangu, mambo matatu yafaa kufanywa. Kwanza, kila shule itenge simu mahali pa faragha, chini ya mwalimu asiyehusika na michezo. Pili, kocha asimwandikie mwanafunzi ujumbe wa siri. Matangazo yote ya timu yapitie kundi la WhatsApp walimo wazazi na mwalimu mwingine. Tatu, apokeaye malalamiko afunzwe kusikiliza Kiswahili, Sheng na lugha za mama jinsi watoto wanavyozisema, kisha aulize kwa upole: "Anakusumbua vipi?"

Swali hilo halihitaji mtambo wowote. Laiti mwalimu wa zamu angaliliuliza siku ile, mwanafunzi wangu asingalinyamaza miaka yote hiyo. Walimu wenzangu, tuulize. Nanyi wanafunzi, msichoke kusema: asiposikia wa kwanza, mwambieni wa pili.