Shokamzoba za Gari Kongwe: Heri Mbili Nzuri Kuliko Nne Mbovu



Safu hii mara nyingi huzungumzia fedha za nyumba na matundu zinamovujia. Tundu la wiki hii liko chini ya gari, nyuma ya tairi, na aghalabu hatuliinamii mpaka siku gari linapokataa kusimama pale tulipotaka lisimame.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ni kijana anayejitafutia riziki kwa kufunga madirisha ya aluminiamu Dodoma mjini. Mwaka jana alinunua Toyota Altezza ya mwaka 1999 kutoka kwa mtu aliyekwisha kuchoka kuitengeneza. Sikumlaumu. Gari hilo liliuzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, nchi nyingine likajulikana kwa jina la Lexus IS 200, na lilipotoka lilipata tuzo ya Gari la Mwaka nchini Japani. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, usukani wake ni mtiifu, na vijana wengi wenye kipato cha kawaida wanaliona kuwa gari la mbio wanaloweza kulifikia. Kwa dada yangu, lakini, gari hilo ni kitu kingine kabisa: ndilo linalompeleka kliniki Dodoma mara mbili kwa mwezi kwa ajili ya maradhi ya mgongo.

Jioni moja baada ya Magharibi tulikuwa tunarejea Buigiri sote watatu. Tulikwisha kupita Ihumwa na Mtumba. Mara ng'ombe wakaingia barabarani, na nyuma yao mtoto mwenye fimbo. Mpwa wangu alikanyaga breki kwa nguvu. Pua ya gari ilizama, nyuma ikainuka, kisha nyuma ileile ikaanza kurukaruka kama gari tupu juu ya mawe, ikavutwa pembeni hadi kwenye changarawe. Tulisimama hatua chache tu kutoka kwa mtoto yule. Dada yangu hakupiga kelele. Alishika kiuno akanyamaza. Mpwa wangu mikono ikimtetemeka aliniambia, "Mjomba, wallahi breki nilibadilisha mwezi uliopita."

Alisema kweli. Breki zilikuwa nzima. Breki huzuia gurudumu lisizunguke, ila haziwezi kulizuia lisiruke. Tairi lililo hewani halina breki, hata ungelifunga kwa mnyororo. Kazi ya kulibakiza tairi ardhini ni ya shokamzoba, ambayo wengine huiita shokapu.

Tuifahamu kazi hiyo, kwani wengi hudhani shokamzoba ndiyo inayobeba gari. Uzito hubebwa na springi. Lakini springi ikibonyezwa hurudi, ikirudi hupitiliza, na ikiachwa peke yake huendelea kunesa. Shokamzoba ni mtungi wenye oili, na ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo na vali. Gurudumu linapopanda na kushuka, oili hulazimishwa kupenya katika vitundu hivyo kwa shida, na ile nguvu ya kunesa hugeuka kuwa joto na kupotea. Sili ikikatika oili huvuja. Vali zikichoka oili hupita bila upinzani. Kwa vyovyote gari hubaki na springi bila mlinzi.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi mmoja ninayemwamini, tukainama chini ya gari. Shokamzoba zote mbili za nyuma zilikuwa zimelowa oili iliyoshika vumbi hadi ikawa kama ugali mweusi. Za mbele zilikuwa kavu, lakini gari lilipobonyezwa kwenye kona na kuachiwa, lilinesa mara tatu kabla ya kutulia. Gari lenye miguu mizima hurudi mara moja na kutulia. Jaribio hilo la mkono halitoshi peke yake, kwa kuwa shokamzoba inaweza kulipita na bado ikawa imechoka. Ndiyo sababu fundi alipapasa pia matairi ya nyuma, akatuonyesha mabonde na vilima juu ya mpira. Tairi linalorukaruka hulika kwa vipande.

Hapo ndipo mpwa wangu alipotoa siri yake. Shokamzoba zile zilikuwa mpya! Alizinunua zote nne miezi mitano kabla, kupitia dalali aliyempigia simu, kwa bei ya chini mno, zikiwa katika maboksi yenye jina la kampuni mashuhuri. Alipompigia dalali kumweleza kuwa zinavuja, alijibiwa kwamba mali ikishatoka dukani hairudi. Kijana aliona haya kuniambia, akaona heri aendelee kuendesha.

Ndugu msomaji, mwenye fedha chache anayetafuta shokamzoba ana njia nne, na kila moja ina hesabu yake.

Njia ya kwanza ni kununua mpya za kampuni inayoaminika. Katika nchi yetu zinazopatikana kwa urahisi zaidi kwa magari ya Kijapani ni KYB, ambazo mafundi wengi bado huziita Kayaba kwa jina la mwasisi wake. Zipo pia Tokico na Monroe. Hapa kuna chaguo ndani ya chaguo. Ziko za oili peke yake na ziko za oili na gesi. Gesi, ambayo ni naitrojeni, huizuia oili isitoke povu inapopata joto katika safari ndefu ya barabara mbaya. Kwa gari jepesi la mwendo kama Altezza, aina ya oili na gesi iliyotengenezwa kwa kiwango cha gari lilivyotoka kiwandani inatosha kabisa. Zile za mashindano za Bilstein na Koni ni nzuri, lakini bei yake ni ya mtu mwenye haja nyingine.

Njia ya pili ni mpya zisizo na jina, au zenye jina la kuazima. Ndizo zilizomponza mpwa wangu. Ukizishika mkononi hutofautiana na halisi kwa mambo ambayo hata asiye fundi anaweza kuyaona. Uzito huwa pungufu. Mshono wa kuchomelea huwa na mabonge. Namba iliyopigwa juu ya mtungi hailingani na ya boksi. Na ukiisimamisha shokamzoba ya gesi, ukabonyeza rodi hadi chini na kuachia, inapaswa kupanda yenyewe taratibu, na mwenzake ipande kwa mwendo uleule. Moja ikipanda na nyingine ikalala, rudisha zote.

Njia ya tatu ni mtumba kutoka Japani au Dubai. Wapo waliobahatika. Lakini tofauti na mlango au taa, uzima wa shokamzoba hauonekani kwa macho. Umri wa sili na hali ya vali vimefichika ndani. Ukilazimika, chukua zilizotoka gari moja, zilizo kavu, ambazo rodi yake haina kutu wala mkwaruzo.

Njia ya nne ni ya wale wanaotoboa mtungi, wakajaza oili na kuchomelea. Shokamzoba nyingi za magari madogo hazikutengenezwa kufunguliwa. Oili ya kubahatisha na sili ileile iliyochoka hukupa majuma machache ya faraja. Tena kuutia moto mtungi wenye gesi na oili ni hatari kwa fundi mwenyewe. Sishauri.

Kabla ya njia yoyote, jambo moja huokoa fedha nyingi: usinunue kwa jina la gari, nunua kwa namba ya chasisi. Altezza zenyewe zina aina kadhaa. Iko SXE10, iko GXE10, na iko Gita ambayo nyuma yake ni ya kubebea mizigo. Nakili namba hizo kutoka kwenye kibati kilichomo ndani ya boneti, uende nazo dukani. Kwa kuwa Altezza na Lexus IS 200 ni ndugu wa tumbo moja, uliza kwa majina yote mawili. Huenda duka lisilo na la kwanza lina la pili. Katika kamati yetu ya msikiti hatununui hata bati bila bei za maduka matatu kwa maandishi. Nilimfanya mpwa wangu afuate utaratibu huohuo: maduka mawili ya Dodoma na moja la Gerezani, Kariakoo, kwa namba ileile.

Alikuwa na shilingi laki nne na nusu. Fedha hizo zingenunua nne za bei ya chini na kubakisha chenji, au mbili halisi pamoja na raba zake na kazi ya fundi. Hapo ndipo kiini cha makala haya. Heri mbili nzuri za ekseli moja kuliko nne mbovu. Ila ziwe mbili za ekseli moja, kulia na kushoto. Ukiweka mpya upande mmoja na chakavu upande wa pili, gari litavutwa unapofunga breki. Anza na ekseli iliyochoka zaidi, na ile ya pili usiiache muda mrefu. Tulianza na nyuma.

Kijana alitaka jambo lingine pia. "Mjomba, kwa kuwa inafunguliwa, tukate springi kidogo ilale chini." Nilimwuliza alale chini wapi, juu ya tuta lipi? Springi ikikatwa, shokamzoba hubaki na nafasi ndogo ya kucheza, hugonga kikomo chake kwenye kila shimo, na kuvunjika mapema. Nilimkumbusha mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z, gari la mbio halisi, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Magari ya Safari yaliimarishwa miguu na kuinuliwa kutoka ardhini, kwa kuwa walioyatengeneza waliijua barabara. Alicheka, akaacha.

Ufungaji nao una adabu zake, na shokamzoba nzuri nyingi huuawa siku ya kwanza. Isimamishwe wima, ibonyezwe na kuvutwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa itoke kwenye oili. Rodi isishikwe kwa koleo, kwani mkwaruzo mdogo hukata sili. Raba ya kikomo na kifuniko cha vumbi viwe vipya; kwa vumbi la Ugogo, rodi iliyo wazi hailindwi na sili yoyote kwa muda mrefu. Boliti zinazopita kwenye bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga ardhi kwa uzito wake, si likining'inia kwenye jeki. Vinginevyo raba hubaki imejisokota na kuchanika. Springi ifunguliwe kwa kibano chake maalumu, kwa kuwa springi iliyobanwa ikifyatuka huweza kuua. Kisha gari lipimwe alaimenti, hasa yale ambayo shokamzoba ndiyo nguzo ya gurudumu.

Na kabla ya kulaumu shokamzoba kwa kila kelele, kagua bushi, boljointi na linki za stabilaiza. Sauti ya kugonga iliyomsumbua mpwa wangu mbele ilitoka kwenye linki, kitu cha bei ndogo.

Nirudi kwa dalali. Neno "mali ikitoka hairudi" limezoeleka hata kwa wafanyabiashara wanaosali safu ya kwanza. Tuliosoma fiqhi ya biashara tunajua kuwa mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa anayo hiari ya aibu: arudishe au abaki nacho kwa ridhaa. Muuzaji hawezi kuifuta haki hiyo kwa kibao cha ukutani ilhali anaijua kasoro na ameinyamazia. Lakini haki bila ushahidi huchosha. Dai risiti yenye jina la kampuni, namba ya kipuri na muda wa udhamini, na boksi ulihifadhi.

Za mbele zilinunuliwa wiki saba baadaye. Katika muda huo mpwa wangu alikubali sharti langu la kutomchukua mama yake usiku. Wiki iliyopita tulirejea tena kutoka kliniki, sote watatu, kwa njia ileile. Tulipofika mahali pale alipunguza mwendo kabla hajaona ng'ombe yeyote. Gari lilizama kidogo, likatulia. Dada yangu nyuma alikuwa amelala.

Ndugu msomaji mwenye gari kongwe, Ijumaa hii ukitoka msikitini inama nyuma ya kila tairi. Ukiona oili, usingoje mtoto mwenye fimbo akuonyeshe.

Wabillahi tawfiq.