Gunia likilowa baharini, hasara ni ya mwenye mali

MFANYABIASHARA anayepeleka nazi Dar es Salaam kutoka Mafia, kisha akarudi na mahindi, sukari na saruji kwa jahazi au mashua ya tanga, huwaza kwanza nauli na upepo. Upangaji wa mzigo humwachia nahodha. Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea, maana chombo kinaweza kufika salama na mzigo usifike salama.

Chukua mfano wa magunia 60 ya mahindi. Kila moja limemgharimu Sh60,000, nauli ikiwamo, naye atauza Sh70,000. Faida ni Sh600,000. Magunia manane yakilowa na kutupwa, zimekwenda Sh560,000. Anabaki na Sh40,000 kwa safari nzima, na hakuna dhoruba iliyopiga. Ni maji ya ngama tu.

Chombo cha mbao huvuja kidogo hata kikiwa kimekalafatiwa vizuri. Maji hayo hukusanyika chini, ngamani, na chombo kinapolalia upande mmoja kwa upepo, nayo hukimbilia upande huo huo. Madebe 20 ya maji ni karibu kilo 400. Hupanda ubavuni na kulowesha magunia ambayo bandarini yalionekana yako pakavu. Kwa hiyo fito hutandazwa kwanza, juu yake makuti au mikeka, ndipo magunia yafuate, na pembeni iachwe nafasi ya baharia kufua maji. Nafasi hiyo ndiyo ya kwanza kujazwa mzigo unapokuwa mwingi.

Vizito kama saruji hukaa chini na katikati, juu ya fito. Nazi zisizofungwa kwenye magunia huviringika, hivyo zinahitaji kuzuiwa kwa mbao. Lumbesa, ambayo mkulima anaijua kwa kumpunja shambani, huleta balaa jingine majini: kichwa chake huzuia magunia kulaliana sawasawa, na mshono hupasuka chombo kinapoyumba. Kamba ya nailoni nayo hulegea ikilowa, kwa hiyo ikazwe tena njiani. Turubai ni lazima, lakini mahindi ambayo hayajakauka hutoka jasho chini yake; unyevu usizidi asilimia 13.5. Dumu la mafuta ya taa likae mbali na vyakula, kwani harufu ikiingia kwenye unga haitoki.

Haya mabaharia wengi wanayajua. Kwa nini basi hayafanyiki? Nauli inapolipwa kwa idadi ya magunia, kila gunia la ziada ni fedha ya mwenye chombo, ilhali gunia lililolowa ni hasara ya mwenye mali. Nahodha si lazima awe mtu mbaya. Malipo yenyewe ndiyo yanayomsukuma apakie zaidi.

Dawa ni kubadili malipo. Sehemu ya nauli, hata theluthi moja, ibaki hadi magunia yahesabiwe na kukaguliwa yanaposhushwa. Karatasi moja yenye idadi, hali ya mzigo na saini za pande mbili inatosha, na kila upande ubaki na nakala. Wafanyabiashara watatu au wanne wanaotumia chombo kimoja wakidai hivyo kwa pamoja, mwenye chombo hatawakataa kirahisi, hasa wakati wa kusi, bahari inapochafuka na watu wengi wanapoahirisha kusafirisha.